Aliye Kulia Hupita Kwanza

Siku Khisa alipopanda ngazi za chuo cha udereva kwa mara ya tatu, kitu cha kwanza alichokiona chini ya meza ya darasa ni viatu vya bluu vya kamba, na hapo hapo akajua mambo yameharibika. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Viatu vile alivijua vizuri kuliko uso wa mwenye kuvivaa. Uso hakuujua kabisa. Vilikuwa vya Mama Rahab Nekoye wa Tongaren, mwalimu mstaafu, mjane, mama yake Nelima. Na Nelima alikuwa mke wa Khisa.

Kama hukuzaliwa kwa Wabukusu wa Bungoma, vumilia nikueleze kidogo, usije ukamwona Khisa mwehu. Kwao, mwanamume hampi mama mkwe mkono. Hali naye meza moja, haketi naye benchi moja, hamtaji jina, na zaidi ya yote hamtazami usoni. Akimwona anakuja njiani, huiacha njia na kuingia ndani ya mahindi mpaka mama apite. Watoto huambiwa kwamba ukithubutu kumtazama mama mkwe machoni, mikono itakutetemeka hadi siku ya kuzikwa. Si uadui. Heshima si utumwa, na wengi wao hupendana kwa mbali hivyo hivyo, kwa salamu za kutumiana. Zipo taratibu za kuufungua mwiko huu, na mbuzi wake, lakini Khisa hakuwa amefika huko.

Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa walikuwa wamekutana pabaya mara moja tu. Khisa alikuwa Tongaren akisaidia kuvuna, gunia la mahindi mgongoni, katika kijia chembamba chenye ua wa michongoma upande mmoja na mtaro upande wa pili. Mama Rahab akatokea mbele. Pa kukimbilia hapakuwa. Basi mama akageuka, akaukabili ule ua, akampa mgongo, akasimama kimya kama anayehesabu miiba. Khisa akapita na gunia lake huku anatazama ardhi. Aliviona viatu vile vya bluu, na hisani ile hakuisahau.

Sasa viatu viko Kitale, ndani ya darasa, na darasa lenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la mbolea.

"Wewe, ingia ama utoke," alisema Kipruto, mwalimu wa chuo, mtu wa Kapsabet asiye na subira. "Mara ya tatu na bado unachelewa?"

"Nitasimama hapa tu, mwarimu. Naona vizuri."

Uongo mtupu. Kutoka mlangoni aliona migongo ya watu sita na kisogo cha Kipruto. Kilichokuwa katikati yao, juu ya meza, hakukiona, na hicho ndicho kilichomleta. Kilikuwa ubao mkubwa ambao wanafunzi huuita modeli taun: mji mdogo uliopakwa rangi, barabara nyeusi, nyasi za kijani, raundabauti, reli, shule, hospitali, na magari ya mbao yenye ukubwa wa kiberiti. Siku ya mtihani afisa wa polisi hukuambia utoe gari hospitalini ulipeleke stesheni, nawe unalisukuma kwa kidole huku unasema kila unachofanya na kwa nini. Ukikosea pale, usukani hutaugusa.

Khisa alikuwa amekosea pale mara mbili. Si kwamba hakujua gari. Alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, wa lori la Mzee Kipsang wa Moi's Bridge kwa miaka tisa, na aliweza kulirudisha nyuma ndani ya ghala ambalo madereva wengine huliingia kwa kupigiwa kelele na watu watatu. Lakini akisimamishwa mbele ya ubao na mtu mwenye kofia ya serikali, akili huganda. Shule aliiacha darasa la tano baba yake alipofariki, na tangu hapo kila swali la kuulizwa amesimama lilimrudisha darasa la tano.

Safari hii ilikuwa ya kufa kupona. Kiptanui, dereva wa lori, alikuwa anaacha kazi mwisho wa mwezi kwa sababu ya macho. Huo ulikuwa mwaka 2004, mikanda ya usalama imekuwa lazima, na polisi wa barabarani wamekuwa wakali kuliko nyuki.

"Khisa, mimi nakutaka wewe," Mzee Kipsang alimwambia. "Lakini siwezi weka mtu bila leseni siku hizi. Ukileta mwezi ukiisha, lori ni lako. Ukikosa, kuna mtu anatoka Matunda amenionyesha yake tayari."

Jioni ya siku ile ya viatu Khisa alimweleza mkewe nani amemkuta darasani. Nelima aliacha kusonga ugali, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe Mama hakuwa anatania! Alisema amechoka na madereva. Kila anayemwachia pikapu ya marehemu baba anairudisha haina mafuta na inanuka pombe ya busaa."

"Unacheka. Mi nimesimama mlangoni saa nzima."

"Na mtihani pia utafanyia mlangoni?"

Tarehe ya mtihani ilikuwa imeshaandikwa, wiki mbili zijazo, na kuhamia chuo kingine kungemaanisha tarehe nyingine na mwezi mwingine.

Wiki ya kwanza ilimwishia mlangoni. Kipruto alimwita kwenye ubao mara nne, naye mara nne akasema anaona vizuri pale alipo. "Huu ubao hauna meno," Kipruto alisema, na darasa likacheka. Mama Rahab peke yake hakucheka. Kila Khisa alipotokea, mama alivuta kitambaa chake mbele ya uso na kugeukia dirisha, kwa hiyo naye alikosa nusu ya somo. Wote wawili walikuwa wanateseka kwa adabu kubwa, na hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake kitu.

Aliyegundua ni Jelimo, msichana aliyeuza mbegu katika lile duka la chini na kupanda kujifunza saa ya chakula. Alimkuta Khisa kwenye ngazi.

"Sasa. Wewe na yule mwalimu mstaafu mnakosana?"

Khisa alimweleza, akiangalia viatu vyake mwenyewe.

"Ati ni mama ya bibi yako? Na hujawahi muona uso? Miaka kumi na moja?" Jelimo alishika kiuno. "Kwetu pia mkwe anaheshimiwa, lakini si hii ya kutorokana, bana. Utafeli tena."

"Najua nitaferi."

Jelimo akapanda juu. Alichomwambia Mama Rahab hatukijui. Tunajua kwamba kesho yake, somo lilipokwisha na wenzao wakaondoka, viatu vya bluu havikutoka chini ya meza. Khisa alikuwa ameanza kushuka ngazi aliposikia sauti ya kike, kavu, ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la nyuma.

"Jelimo, keti. Nikufundishe raundabauti."

"Lakini mwalimu, mimi naijua."

"Huijui. Keti. Na mlango uuache wazi, kuna joto."

Nje mvua ya Kitale ilikuwa inapiga mabati, na Jelimo alikuwa amevaa sweta mbili.

Khisa alielewa. Alirudi akaketi kwenye ngazi, nyuma ya ukuta, mahali asipoweza kuona wala kuonekana. Jelimo alimrushia kipande cha chaki. Akachora raundabauti kwenye saruji, akaokota vifuniko viwili vya soda kuwa magari.

"Gari la kwanza linatoka upande wa Bungoma," ilisema sauti. "La pili linatoka upande wa Kitale. Nataka kujua nani anampisha nani, na kwa nini. Jelimo, usijibu haraka. Wapo wanaofikiri."

Zikaenda siku sita namna hiyo. Mama Rahab alimfundisha Jelimo mambo ambayo Jelimo aliyajua, na Khisa akayasukuma kwa vifuniko vyake. Mara nyingine Jelimo alitoa kichwa mlangoni kukagua.

"Dereva wetu amefika wapi?"

"Amekwama kwa raundabauti, mwalimu."

"Mwambie asikariri. Ndiyo maana anakwama. Kila gari lina mtu ndani yake. Yule aliye kulia kwako ni mtu anayekuja, ana safari yake, na anaamini utamsubiri. Msubiri. Barabarani hakuna mzee wala mtoto, hakuna tajiri wala maskini. Kuna wa kulia na wa kushoto, basi."

Siku nyingine swali lilitoka upande wa ngazi.

"Mwalimu, anauliza kama kulia kuna ng'ombe?"

Halafu Khisa akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia: mama mkwe wake anacheka. Alicheka kama Nelima, kicheko kinachoanzia puani.

"Mwambie ng'ombe hajasoma sheria. Asimame tu."

Khisa aliinamisha kichwa juu ya chaki yake. Alijisikia aibu, mtu mzima ameketi sakafuni na vifuniko vya soda, na juu ya aibu alijisikia vizuri kuliko alivyowahi kujisikia katika darasa lolote. Hakuna mwalimu aliyewahi kumsubiri. Kufikia Ijumaa alikuwa anajibu kabla ya Jelimo, kwa sauti ya chini, na sauti ya kutoka darasani ilikuwa inanyamaza kidogo ili aweze kumaliza.

Siku ya mtihani walipelekwa kwenye kituo cha polisi. Watahiniwa waliketi kwenye benchi nje ya ofisi, isipokuwa Khisa aliyesimama kwenye pembe ya jengo, mahali ambapo viatu vya bluu havingemwona. Alipanga aingie wa mwisho. Lakini fomu zilikuwa juu ya meza ya Inspekta Kiplimo, na Inspekta alikuwa anaziokota mbili mbili.

"Khisa! Nekoye! Ingieni."

Jelimo aliruka. "Afande, si niingie mimi kwanza?"

"Wewe ndiye Khisa?"

"Hapana."

"Kaa chini."

Khisa aliingia akiwa amekaza macho kwenye sakafu. Mama Rahab alisimama upande mmoja wa meza, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Khisa akasimama upande mwingine, mbali kama chumba kilivyoruhusu.

Alama za barabarani zilienda vizuri. Inspekta aliinua kadi, na Khisa akazitaja zote. Alishangaa kusikia sauti yake haikwami. Halafu Inspekta akaweka magari mawili kwenye ubao.

"Sogea hapa, huo ubao hauumi. Mama, gari lako linatoka huku. Wewe, lako linatoka huku. Mmefika kwa raundabauti pamoja. Endesheni."

Khisa aliweka kidole juu ya gari lake. Upande wa pili aliuona mkono wa mama mkwe kwa mara ya kwanza, mkono mwembamba wenye pete iliyolegea. Akaangalia barabara. Yeye ndiye aliyekuwa kulia. Yeye ndiye wa kupita kwanza, mama amsubiri. Alilijua hilo kuliko alivyolijua jina lake.

Kidole kilikataa. Apite mbele ya mama yake Nelima, yeye akiwa amesimama anamtazama? Miaka kumi na mmoja ya kuingia kwenye mahindi ilikuwa imekaa ndani ya kile kidole. Gari dogo likasogea, lakini halikwenda mbele. Lilipinda kushoto, likatoka barabarani, likavuka rangi ya kijani na kusimama nyuma ya shule.

"Huko unaenda wapi?" Inspekta aliuliza.

"Nimempisha, afande."

"Umempishia kwa nyasi?" Kalamu ya Inspekta ilishuka kwenye fomu, ikasita. "Nakupa nafasi moja, kwa sababu umejibu alama vizuri. Rudisha gari barabarani. Na wewe mama, mbona husogei? Si amekupisha?"

"Yeye yuko kulia kwangu, afande," Mama Rahab alisema. "Nitasimama mpaka apite."

Khisa alirudisha gari kwenye mstari. Akilini alimwona Mzee Kipsang akimkabidhi mtu wa Matunda funguo. Alimwona Nelima akijifanya hakuvunjika moyo. Alijaribu kusukuma, na kidole hakikusogea, na kalamu ya Inspekta ikaanza kugonga meza.

Ndipo akasikia viatu. Soli zilikwaruza saruji, polepole. Alitazama chini ya meza, akaviona vile viatu vya bluu vikigeuka, ncha zikaenda ukutani, visigino vikamwelekea yeye. Mama Rahab alikuwa amempa mgongo. Aliukabili ukuta wenye kalenda, mkono mmoja ameurudisha nyuma, kidole bado kiko juu ya gari lake, akasimama kimya kama siku ile ya michongoma.

Njia ilikuwa wazi.

"Nimefika raundabauti," Khisa alisema. "Nimeangalia kulia, hakuna gari. Kushoto kuna gari, limesimama, linanisubiri. Naingia. Naonyesha ishara. Natoka." Gari dogo lilizunguka bila kugusa ukingo, likapita mbele ya lile lingine, likafika stesheni.

Inspekta Kiplimo alimwangalia mmoja, akamwangalia wa pili. Hakuwa mtu wa Bungoma.

"Mama, unaangalia nini?"

"Kalenda, afande."

"Dereva amefika kwa makutano, anaangalia kalenda?"

"Haifai, afande. Ni kosa."

"Na unajua ni kosa."

"Nalijua sana. Nimelifundisha wiki nzima."

Inspekta alitikisa kichwa, akaandika kwenye fomu zote mbili. Adhuhuri ile ile Khisa aliendesha gari la chuo mpaka njia ya Kiminini na kurudi, Inspekta ameketi kando yake, na akapita. Mama Rahab Nekoye aliambiwa arudi mwezi ujao. Kipruto alikasirika kana kwamba yeye ndiye aliyeanguka. "Mwanafunzi wangu bora!" alirudia kusema uani. "Anaangalia karenda!" Hata ulimi wake ulikuwa umeanza kuchanganya l na r, kama wa Khisa.

Khisa alitaka kumpigia mama magoti. Lakini hata hilo hakuruhusiwa, maana angepiga magoti mbele ya nani, mtu asiyeweza kumtazama? Alimwita Jelimo kwenye pembe ya jengo.

"Mwambie..." akaanza.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie gari limefika."

Jelimo alikwenda, akarudi. "Amesema mwezi si mwaka. Na amesema uendeshe polepole, mwenda pole hajikwai."

Khisa alilia pale nyuma ya jengo la polisi, na sioni haja ya kumfichia.

Lori akapewa. Mwezi uliofuata Nelima alimwambia mama amefanya mtihani tena na kupita, safari hii akiwa amesimamishwa ubaoni pamoja na mchungaji ambaye hakuwa na undugu naye wowote. Khisa alifurahi, akatuma kuku, akaendelea na kazi.

Halafu ikaja asubuhi moja ya Novemba. Khisa alikuwa anapeleka mahindi Bungoma, magunia tisini nyuma yake. Alipokaribia Misikhu, akaiona pikapu nyeupe ikitokea kushoto, kwenye barabara ya Naitiri inayotoka Tongaren. Aliijua tangu enzi za baba mkwe, kwa taa moja iliyofungwa waya. Nyuma ilikuwa imejaa kabichi. Ilifika kwenye makutano, ikasimama palipotakiwa, na mguu wa Khisa ukaanza wenyewe kutafuta breki. Kando ya barabara kulikuwa na nyasi pana. Lori lingeingia pale vizuri tu, lingojee, mama apite.

Mguu ukasita. Aliisikia ile sauti kavu nyuma ya mlango ulioachwa wazi kwenye baridi. Ni mtu anayekuja, ana safari yake, na anaamini utamsubiri. Akauondoa mguu kwenye breki.

Mle ndani ya pikapu, Mama Rahab alifanya kile ambacho sheria inamtaka kila dereva afanye kabla ya kuingia barabara kubwa. Aliangalia kulia. Na kulia kwake kulikuwa na Khisa.

Hapakuwa na michongoma, wala kalenda, wala kitambaa. Kulikuwa na vioo viwili tu, na macho yalikutana. Yalikuwa macho ya Nelima. Yale yale, yenye kope nzito, yanayocheka kabla ya mdomo, ila yalikuwa yamezungukwa na mikunjo. Khisa alikuwa ameamka na macho yale kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja bila kujua yalikotoka. Mama hakuyaondoa. Aliyaacha pale pale, kulia, mpaka lori likapita lote, na ndipo akaingia barabarani nyuma yake.

Baada ya kilomita moja Khisa alitazama mikono yake kwenye usukani. Haikuwa inatetemeka.

Jioni Nelima alimpokea na chai. "Mama amepiga simu," alisema. "Ati mlipishana Misikhu, na hakusema kingine. Anaendeshaje?"

"Vizuri," Khisa alisema, akimtazama machoni. "Anaangalia barabara."